Pesa hakuna, mwili upo: kisa cha picha mbili za kung fu za mwaka 1978

Mwanzoni mwa mwaka 1978 Jackie Chan alikuwa kijana wa miaka 23 ambaye wenye sinema wa Hong Kong walikwisha kumchoka. Lo Wei, mwongozaji wa picha mbili za kwanza kubwa za Bruce Lee, alikuwa amemfunga kwa mkataba tangu 1976 akitaka kumgeuza awe Bruce Lee mpya. Hata jina alipewa la kazi hiyo. Bruce Lee kwa Kikantoni alijulikana kama Siu Lung, joka dogo. Chan akaitwa Sing Lung, aliyegeuka kuwa joka. Akaambiwa akunje uso, akaze macho, alipize kisasi. Picha zikatoka moja baada ya nyingine, watu hawakwenda kuzitazama.

Kisha kampuni ndogo ya kujitegemea ikamwazima kwa picha mbili. Ya kwanza, Snake in the Eagle's Shadow, ilitoka mapema mwaka huohuo na kuingiza zaidi ya dola milioni 2.7 za Hong Kong. Ya pili, Drunken Master, ilitoka Oktoba ikaingiza zaidi ya milioni 6. Mwongozaji alikuwa yuleyule, adui mkuu yuleyule, mzee mwenye nywele chakavu anayemfundisha kijana yuleyule. Ndiyo maana nazichukua zote mbili kama kisa kimoja.

Nimezitazama picha hizi mara nyingi, na kila mara nimekuwa nikijiuliza swali lilelile: kwa nini picha ya bei ndogo kama hii, yenye nywele za bandia zinazoonekana wazi na hadithi unayoweza kuisimulia kwa pumzi moja, inanishika kuliko picha zilizomwagiwa fedha? Jibu la haraka ambalo husikika ni kwamba watu walijitahidi, wakaushinda umaskini wa bajeti. Mimi naona ilikuwa vingine. Umaskini wenyewe ndio uliofanya kazi. Uliwanyima watengenezaji kila kitu cha kujifichia, wakabaki na mwili wa binadamu na muda wa kuutazama.

Nani alikuwa na nini

Hong Kong ya wakati ule ilikuwa na Shaw Brothers, studio kubwa ya Clearwater Bay yenye mitaa ya bandia, makasri ya bandia, maghala ya mavazi na waigizaji wa mkataba. Ilikuwa na Golden Harvest, iliyoanzishwa mwaka 1970 na iliyopaa kwa mgongo wa Bruce Lee. Chini yao kulikuwa na kampuni nyingi ndogo. Mojawapo ni Seasonal ya Ng See-yuen, mtu aliyewahi kufanya kazi Shaw kabla ya kutoka kujitegemea. Ng hangeweza kushindana na Shaw kwa hariri wala kwa makasri. Alichokuwa nacho ni vilima, nyua, vibanda vya chai na barabara za vumbi.

Lakini palikuwa na utajiri mwingine uliozagaa Hong Kong, na ulikuwa haujulikani thamani yake. Kwa miongo kadhaa shule za opera ya Peking zilikuwa zimechukua watoto wadogo na kuwafinyanga. Chan mwenyewe aliingizwa katika shule ya Mwalimu Yu Jim-yuen akiwa mtoto, akakaa humo takriban miaka kumi, huku wazazi wake wakiwa wameenda Australia, baba yake akipika katika ubalozi. Katika shule ile siku ilianza alfajiri: kusimama kwa mikono, kupasua miguu, kupinduka hewani, kuimba, kupaka rangi usoni, na fimbo kwa aliyekosea. Sammo Hung na Yuen Biao walipitia mikono hiyohiyo. Walipokuwa tayari kupanda jukwaani, watazamaji wa opera walikuwa wameshahamia sinema. Vijana wakajikuta na miili iliyofunzwa kwa gharama ya utoto mzima, na jukwaa hakuna.

Sinema ikawapokea kama watu wa kuanguka. Katika Fist of Fury ya mwaka 1972, pale Bruce Lee anapompiga adui wa mwisho teke akapasua ukuta na kutua nje, mwili unaoruka ni wa Jackie Chan. Jina lake hukulisikia, uso wake hukuuona. Hao ndio walikuwa rasilimali ambayo mtayarishaji mdogo angeweza kuimudu: mafunzo yalikwisha kulipiwa, na hakuyalipa yeye.

Ng akafanya uamuzi ambao kwangu ndio kiini cha kisa hiki. Picha aliikabidhi kwa Yuen Woo-ping, mpangaji wa mapigano ambaye hakuwa amewahi kuongoza picha hata moja. Baba yake Yuen, Yuen Siu-tien, alikuwa mtu wa opera ambaye umri wake ulikwisha kupita miaka 60. Akapewa nafasi ya mzee fukara anayemfundisha kijana. Ndugu wa Yuen wakaingia kwenye kundi la mapigano. Adui mkuu akawa Hwang Jang-lee, Mkorea wa taekwondo mwenye teke la kutisha, ambaye Seasonal ilishamtumia mwaka 1976. Ni kama shughuli ya ukoo: baba, wana, jamaa wa kazi, na kijana mmoja wa kuazima. Na huyo kijana wa kuazima, kwa mara ya kwanza, akaachiwa awe yeye. Chan amesimulia mara nyingi kwamba aliamua kufanya kinyume cha Bruce Lee. Yule akipiga teke juu, huyu apige chini. Yule akipiga ngumi hasikii kitu, huyu apige kisha apulize mkono kwa maumivu.

Niongeze kwamba hawakuwa wa kwanza kuchanganya ngumi na kicheko. Lau Kar-leung alishafanya hivyo ndani ya Shaw mwaka 1975, na Sammo Hung mwaka 1977. Wala kicheko hakikuwa kigeni kwa watazamaji: tangu 1974 Michael Hui na ndugu zake walikuwa wakijaza kumbi kwa vichekesho vya Kikantoni, lugha ya mitaa ya Hong Kong, baada ya miaka ambayo Kimandarini kilikuwa kimetawala skrini. Hamu ilikuwepo. Seasonal waliipa mwili.

Ukiona vyaelea

Ngoja nichukue onyesho moja nilitazame kwa karibu, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila ninachotaka kusema.

Katika Drunken Master kijana ananing'inia kichwa chini, miguu imefungwa kwenye mti. Chini yake kuna ndoo ya maji. Juu, usawa wa miguu yake, kuna ndoo nyingine. Mikononi ana vikombe viwili vidogo vya chai. Kazi aliyopewa ni kuchota maji ya chini kwa vikombe hivyo, ajikunje kwa nguvu za tumbo mpaka juu, amimine, arudi chini, achote tena. Vikombe ni vidogo mno, vya kunywea mara moja. Ndoo ni ndoo.

Hebu fikiria onyesho hili linahitaji nini: mti, kamba, ndoo, vikombe na maji. Hakuna zaidi. Lakini pia linahitaji mtu anayeweza kulifanya kweli, kwa kuwa kamera imekaa mbali kiasi cha kumwona mzima, na haikati. Unaona misuli ya tumbo ikitetemeka. Unaona uso ukiwa mwekundu. Mara ya kwanza unacheka, maana hesabu ya kikombe na ndoo ni ya uonevu ulio wazi. Anapoendelea, kicheko chako kinaanza kubadilika. Bado unatabasamu, lakini umeanza kuhesabu naye. Kufikia wakati anashushwa, hujaambiwa kwamba kijana ameimarika, umeona.

Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Picha nyingi za mapigano hutuonyesha vinavyoelea: shujaa anaingia akiwa tayari shujaa, tunamshangaa kutoka mbali. Picha hizi mbili zinatumia sehemu kubwa ya muda wake kwenye kuunda, na kuunda huko kunachekesha kwa sababu mwili unaojifunza kitu kigumu huchekesha popote ulipo. Mtoto anayejifunza kutembea anachekesha, na hakuna anayemdharau kwa kucheka.

Mfano wa pili ni wa Snake in the Eagle's Shadow. Humo Chan ni Chien-fu, yatima anayepiga deki katika shule ya kung fu na ambaye walimu humgeuza gunia la kupigia ngumi ili wanafunzi wenye fedha waone mbinu. Anamtetea mzee ombaomba njiani, anamleta nyumbani, anampa chakula. Mzee huyo kumbe ni mmoja wa mabaki ya mtindo wa nyoka, anayewindwa na ukoo wa kucha za tai. Somo linakuja kupitia bakuli la wali: kijana ajaribu kumnyang'anya mzee bakuli. Mkono unakwenda, bakuli halipo. Mkono mwingine unakwenda, bakuli liko mgongoni, liko kiganjani, liko juu ya kiwiko. Wanazunguka, wanapishana, bakuli linapaa na kutua.

Nataka msomaji akaone jinsi vichekesho na kung fu vilivyo kitu kimoja pale. Sio kwamba kuna mzaha kwanza, kisha kuna pigano. Kila anachokosa kijana kinachekesha, na kila anachokosa kinamfundisha mahali pa kuweka mkono. Baadaye, anapomnyima mwalimu mwonevu nafasi ya kumpiga kwa kufuata tu nyayo ambazo mzee alimchorea chini, anayepiga anaonekana mjinga bila kijana kurusha ngumi hata moja. Watazamaji wanaelewa mbinu kwa macho yao. Hawahitaji kuambiwa kwamba mtindo wa nyoka ni mkali.

Hapa ndipo nadhani uzito wa pigano la mwisho unapotoka. Stering wa kawaida akipiga mateke ishirini mfululizo tunakubali kwa sababu yeye ni stering. Chien-fu akipiga, tunakumbuka bakuli. Kila pigo lina historia yake, na historia hiyo tuliicheka tukiwa ndani yake. Kicheko ndicho kilichotufanya tuamini teke.

Kamera isiyo na pa kujificha

Mtu aliyezoea picha za sasa anaweza kudhani kwamba kamera ya picha hizi imetulia kwa sababu waliopiga hawakujua zaidi. La hasha. Yuen Woo-ping alijua vizuri anachofanya. Mtu akiwa hawezi kupigana, unamkata: mkono, uso, mguu wa mwingine, uso tena. Kila mkato unaficha pengo. Mtu akiwa anaweza, mkato unamwibia. Kwa hiyo hapa wapiganaji wawili wanawekwa ndani ya fremu kuanzia unyayo mpaka utosi, na mfululizo mrefu wa mapigo unaachwa upite mpaka mwisho wake. Ndivyo opera ilivyofanya: jukwaani hakuna kukata.

Kutoka opera ilikuja pia mdundo. Angalia jinsi wanavyopigana: tatu, nne, tano za haraka, kisha wote wawili wanaganda katika mkao, macho yanatazamana, halafu wanaanza tena. Ule mgando ni desturi ya jukwaa, pale mchezaji anaposimama ili watazamaji wameze kilichopita. Katika vichekesho mgando huo una faida ya pili. Ndipo uso unapozungumza. Chan anagundua kwamba ameshika mguu wa adui mahali pasipofaa, anaganda, anatazama, na wewe unatazama pamoja naye. Kipande hicho cha sekunde ni utani mzima bila neno.

Ujanja mdogo wa kamera ulikuwepo, sitaficha. Ilikuwa kawaida Hong Kong kupunguza kasi ya kamera kidogo ili kwenye skrini mwendo uonekane wa haraka zaidi. Sauti haikurekodiwa pale pale. Maneno na vishindo viliingizwa baadaye. Hili la sauti lilikuwa suala la fedha na la lugha, maana picha ileile iliuzwa kwa wasema Kikantoni, Kimandarini na wengine. Lakini tazama lilivyowanufaisha. Mwongozaji angeweza kupaza sauti kuwahesabia wapiganaji wakati kamera inazunguka. Wangeweza kupiga picha karibu na kelele yoyote. Na kila pigo likapewa mlio wake, kama ngoma inavyomfuata mchezaji. Midomo isiyolingana na maneno, ambayo wengi huitaja kama aibu ya picha hizi, ni malipo madogo kwa uhuru huo.

Muziki nao ulikuwa wa kuokoteza. Katika Snake in the Eagle's Shadow vinasikika vipande vya Oxygène, albamu ya Mfaransa Jean Michel Jarre ya mwaka 1976, sauti za mitambo zikielea juu ya ua wa China ya zamani. Kwa akili ya kawaida havipatani. Mimi huwa navisubiri.

Na kuna vitu vya mkononi. Palipo na benchi, benchi litapigana. Kuna bakuli, tambara la deki, fimbo, gudulia la pombe, kiti. Fukara hupigana na kilichopo, na waliotengeneza picha walikuwa katika hali ileile na mhusika wao: kila kitu kilichopo ndani ya fremu lazima kifanye kazi, la sivyo kwa nini kililetwa? Nadhani macho ya mtazamaji huhisi hivyo hata asipokuwa na maneno yake. Kitu unachokijua, ulichokishika leo asubuhi, kinageuka kuwa silaha, ngao na mzaha kwa pamoja. Upanga wa dhahabu hauwezi kukupa raha hiyo, kwa kuwa hukuwahi kuushika.

Shujaa wa taifa anakimbia deni la chakula

Kwa watazamaji wa Hong Kong kulikuwa na kicheko cha ziada, na bila kukijua hutaelewa kwa nini Drunken Master iliipita ya kwanza mara mbili na zaidi. Kijana mtundu wa picha ile ni Wong Fei-hung. Huyo ni mtu wa kweli, mganga na bingwa wa kung fu wa Guangdong aliyezaliwa mwaka 1847. Tangu 1949 mwigizaji Kwan Tak-hing alikuwa amemwigiza katika picha zaidi ya 70, akiwa mzee wa heshima, mpole wa maneno, mwenye kutoa mawaidha kabla ya kutoa ngumi. Watu walikua wakimtazama. Baba yake Yuen Woo-ping mwenyewe alikuwa amefanya kazi ndani ya picha hizo.

Sasa huyohuyo Wong anaonekana kama kijana anayechokoza binti njiani, kisha anapigwa na mama wa binti, kisha anagundua kwamba mama huyo ni shangazi yake. Anakula mkahawani akijua hana cha kulipa. Baba anashindwa naye na kumkabidhi kwa Mzee So, mlevi mashuhuri kwa kuwavunja wanafunzi. Kwa waliomjua Wong wa Kwan, ilikuwa kama kufunguliwa albamu ya picha za utoto za babu anayeheshimiwa.

Ninachokipenda ni kwamba heshima haikuvunjwa. Wong wa Kwan hajasemwa kuwa ni uongo, tunaonyeshwa alikotoka. Na kwa mtazamaji asiyewahi kumsikia Wong, hadithi bado inasimama, kwani kijana anayemwaibisha baba yake anaeleweka kila mahali. Utani wa ndani unaohitaji maarifa, na utani wa nje usiohitaji chochote, vimekaa katika onyesho lilelile. Kuna waongozaji wenye fedha nyingi ambao hawakuwahi kulipata hilo.

Nani alilipa

Nisingekuwa mkweli kama ningeishia kwenye sifa. Picha ya bei ndogo haina maana kwamba gharama haikuwepo. Ilihamishwa. Wakati wa Snake in the Eagle's Shadow Chan alipoteza jino kwa teke la Hwang Jang-lee, na mkono wake ukakatwa na upanga uliopaswa kuwa butu. Alipokuwa akipiga Drunken Master aliumia karibu na jicho. Yale maumivu tunayoyacheka usoni mwake, mengine hayakuigizwa. Kampuni isiyokuwa na fedha za kurudia onyesho kwa usalama ilikuwa na vijana waliofundishwa tangu utotoni kwamba kulalamika ni aibu, na hilo ni jambo la kuhuzunisha. Ninapoipenda kamera isiyokata, nakumbuka pia kwamba kutokata kulimaanisha mtu fulani aanguke kweli, na wengi wao majina yao hayakuandikwa.

Kuna pia paka na swila. Chien-fu anagundua mbinu yake ya ushindi, kucha za paka, baada ya kumwona paka wake akipambana na swila, na wanyama hao ni wa kweli. Kihadithi ni wazo zuri: mtindo wa nyoka unashindwa na tai, kwa hiyo kijana anauchanganya na kitu ambacho hakuna mwalimu aliyemfundisha. Lakini sipendi kulitazama pigano lile, na sidhani wazo lilihitaji mnyama aumie.

Tena kuna sehemu zinazochosha, hasa pale mwigizaji Dean Shih anapopewa nafasi ya kukunja sura muda mrefu kuliko onyesho linavyovumilia. Wanawake hawana mengi ya kufanya, isipokuwa yule shangazi wa Drunken Master, ambaye kwa dakika chache anampiga kila mtu na kunifanya nitamani picha yote ingekuwa yake.

Walioiga na walichokosa

Baada ya Oktoba 1978 Hong Kong na Taiwan zilijaa walevi, wazee wenye nywele nyeupe na vijana wanaoteswa kwa ndoo. Yuen Siu-tien akaitwa na karibu kila mtu kurudia sura yake ya mzee fukara. Alifariki mwaka 1979, na katika picha ya Sammo Hung ya mwaka huohuo iliyopangwa awe mlevi tena, nafasi yake ikajazwa na Fan Mei-sheng.

Nyingi za nakala hizo zilikuwa na bajeti ndogo kama Seasonal, pengine ndogo zaidi. Basi kama umaskini ndio uliofanya kazi, kwa nini hazikufua dafu? Nimelifikiria sana pingamizi hili, kwa sababu ni la haki. Naona jibu liko kwenye muda. Waigaji walichukua vinavyoonekana: nywele, gudulia, kuyumba. Hawakutoa saa na siku za kumwacha mchezaji arudie hatua mpaka kosa lake lichekeshe kwa kipimo. Kuyumba kama mlevi ni rahisi. Kuyumba huku kila kuyumba ni pigo lililofichwa, kisha kukaa sakafuni kama uliyezidiwa huku mguu ukimkata adui kwenye goti, ni kazi ya mtu aliyesimama kwa mikono tangu utotoni na mpangaji aliyekaa naye. Uhaba wa fedha unasaidia pale tu ambapo kuna wingi wa kitu kingine.

Ushahidi wa upande wa pili ulikuja mwaka 1994, Chan alipomrudia Wong Fei-hung akikaribia miaka 40, nyuma yake ikiwa Golden Harvest. Safari hii fedha zilikuwepo. Katika pigano la mwisho, kiwandani, dhidi ya mateke ya Ken Lo na makaa ya moto, unaona zilikokwenda: zilinunua muda. Kamera bado imekaa mbali, miili bado ni mizima ndani ya fremu. Na Yuen Woo-ping, aliyekabidhiwa picha yake ya kwanza na kampuni isiyo na kitu, baadaye aliwafundisha waigizaji wa Hollywood kupigana katika The Matrix ya mwaka 1999.

Mimi lakini hurudi kwenye dakika za mwisho za ile ya 1978. Mtindo wa mlevi una miungu wanane, kila mmoja na namna yake ya kuyumba. Kijana alijifunza saba. Wa nane, Bibi Ho, alimruka akidhani mikao yake ni ya kike na haimfai. Sasa amekunywa, amepambana, ametumia wote saba, na Hwang Jang-lee bado amesimama. Mzee So yuko pembeni, hapigani. Anamwambia atumie wa nane. Kijana anakiri kwamba hakumjifunza. Mzee hamkaripii. Anamwambia achanganye anachojua, amtunge Bibi Ho wake mwenyewe, na kijana anaanza kutunga palepale, mkono kiunoni, vidole vikijipodoa uso usio na poda, huku adui akiwa hajui acheke au ajikinge. Anayemwelekeza kutoka pembeni ni mzee wa opera aliyebakiwa na miezi michache ya kuishi, na nyuma ya kamera anayemtazama ni mwanawe.